Wimbo wa Viatu Darasani kwa Bi Badriya

"Mwalimu, hilo gari la moshi ndiye nani?"

Bi Badriya aliweka chaki mezani. Tangu aanze kuwasomesha kwa nyimbo, hakuna siku iliyopita bila ya swali hilo.

"Si mtu, Kidawa. Ni gari la moshi. Linafika stesheni, yule anayeimba anapanda, anakwenda kwao. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu!"

Wanawake wanane wakatazamana. Kidawa akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikitikia mgonjwa. "Mwalimu, mtu mzima hakai akatunga wimbo mzima kwa ajili ya gari. Pana mtu kaambiwa hapo."

Ilikuwa mwaka 1968, katika skuli moja ya mtaa wa Ng'ambo, Unguja, upande wa Amani, saa tisa za mchana. Wote wanane walikuwa wafagiaji na wafuaji wa hospitali. Madaktari wa siku zile walitoka nchi mbalimbali, kila mmoja na lugha yake, na walipokutana juu ya kitanda cha mgonjwa walielewana kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika. Kwa hiyo ikatoka amri: mfagiaji atakayeweza kuzungumza Kiingereza atapelekwa kusomea uuguzi. Mwisho wa mwezi angekuja mkaguzi kuwasikiliza. Wakishindwa kupata watano wenye kusema, darasa lingefungwa, na wanane wote wangerudi kwenye ndoo zao.

Bi Badriya alikuwa amesomesha miaka kumi na sita. Kitabu alichopewa kilisimulia watu wa nchi ya baridi wanaokunywa chai huku mvua ikinyesha dirishani. Wanawake walikisoma kwa pamoja, vizuri sana, na wakikifunga hawana hata neno moja. Kidawa, ambaye sokoni alikuwa akibishana na muuza samaki mpaka samaki mwenyewe anaona haya, akiulizwa jina lake kwa Kiingereza huinamisha kichwa na kuvuta ukingo wa buibui lake.

Hapo ndipo Bi Badriya alipoikumbuka santuri ya Thuwaini, ile mashine ya kupigia nyimbo. Kaka yake huyo aliondoka Unguja mwaka sitini na nne na sanduku moja tu, akasema ataiagizia. Barua zake zilikuja kila moja na stempu ya nchi nyengine, na hakuna hata moja iliyoitaja santuri. Miaka minne ilikaa chini ya kitanda, katika chumba alichobakishiwa Bi Badriya kwenye nyumba ya baba yao huko Mjini. Aliifuta vumbi, akamkodi mtu wa mkokoteni, akaipeleka skuli pamoja na sahani kumi na moja za nyimbo za Kiingereza. Sahani saba alizirudisha siku ile ile, kwa kuwa zilikuwa za kubusiana mwanzo hadi mwisho.

Ikafaa. Ndani ya wimbo mtu haoni haya, maana akikosea anakosea na wenzake. Kwa wiki mbili sauti zilipanda mpaka walinzi wakaja kuchungulia. Tabu ilikuwa moja tu: walikuwa watu wa Unguja. Wimbo kwao hurushwa kama kijembe, na ukirushwa lazima upate wa kumwangukia. Walimtafuta mwenye gari la moshi. Walimtafuta mwenye ndege katika wimbo wa ndege. Bi Badriya alieleza, akaeleza tena, akafika kuota usiku anamwambia mtu asiyemjua kwamba ndege ni ndege.

Halafu akafungua wimbo wa viatu.

Ulikuwa wimbo wa mwanamke aliyetupa viatu vyake vikuukuu, kisha akaviona miguuni mwa mwengine. Alitupa, aliona, alinunua, alivaa, alicheka: vitenzi kumi na viwili vya wakati uliopita, vyote ndani ya dakika tatu. Bi Badriya alifurahi kama aliyeokota johari. Yeye, mzaliwa wa Mjini, aliyeanza kupelekwa taarabuni akiwa mgongoni mwa mama yake, aliuona wimbo ule akaona vitenzi tu.

Mshororo wa pili haujesha, Kidawa akasimama. Akakichomoa kifuani kikuba chake, kishada cha maua ya asumini, akatoka kwa madaha, mkono juu, kiuno kikifuata mdundo, kama wafanyavyo wanawake wanapokwenda kumtunza mwimbaji ambaye maneno yake yamewagusa. Hakupita njia ya karibu. Alizunguka benchi la mbele makusudi, akapunguza mwendo usoni mwa mwanafunzi mwenzake, Mwatima, ndipo akaenda kukiweka kikuba juu ya santuri. Kikaangukia sahani inayozunguka. Sindano ikaruka, asumini zikatawanyika, wimbo ukakwaruza hadi ukanyamaza.

Usi, dereva wa lori, alikuwa amemwacha Kidawa mwaka uliopita. Miezi mitatu baadaye akamwoa Mwatima.

"Ni viatu!" alipiga kelele Bi Badriya. "Viatu vya miguuni!"

"Naam, mwalimu," alisema Mwatima akikusanya madaftari yake. "Na mwenye miguu nshamjua."

Kesho yake darasa lilikaa pande mbili, wanne huku na wanne kule, kama vyama viwili vya taarabu vilivyoalikwa harusi moja kwa makosa. Upande mmoja ukijibu, wa pili unaguna. Bi Badriya aliifunga santuri kwa kanga, akarudisha kitabu cha chai na mvua. Ukimya nao ukarudi.

Mkaguzi, Ndugu Nahodha, alifika siku ya Jumatano. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akasema kwa Kiingereza kwamba hataki kusikia Kiswahili humu ndani. Akamuuliza mwanafunzi wa kwanza, Biasha, alifanya nini jana. Biasha akatazama mapaja yake. Wa pili akatazama dirisha. Wa tatu alifungua mdomo, akaufunga. Bi Badriya alisimama pembeni akijisemea moyoni: mwezi mzima, sauti yangu yote, na hawa wanarudi kufagia.

Zamu ikamfikia Kidawa. Alifanya nini jana? Alivuta ukingo wa buibui lake. Kisha akatoa sentensi pekee ya wakati uliopita aliyokuwa na hakika nayo, kwa Kiingereza safi.

"Nilitupa viatu vyangu vikuukuu."

"Nikaviokota mimi," Mwatima akadakia kutoka upande wa pili, naye kwa Kiingereza. "Nikavisafisha. Vilikuwa viatu vizuri."

"Vilikuwa na matundu!"

"Matundu uliyatoboa wewe!"

Maneno hayo hayakuwamo kwenye wimbo wala kwenye kitabu. Bi Badriya alikuwa akishangaa yametoka wapi, alipomwona Ndugu Nahodha anaivuta miguu yake polepole chini ya kiti. Miezi mitatu nyuma, aliyekuwa na cheo kile alitolewa ghafla, na Ndugu Nahodha akaingia ofisini mwake, mezani pake, hata baiskeli ya kazi akairithi. Aliifunika kalamu.

"Viatu hivyo mnavyovisema," aliuliza taratibu, "ni vya nani?"

Mwaka ule, swali kama hilo kutoka kwa mtu wa serikali lilitosha kumfanya mtu asirudi kwake jioni.

Kidawa ndiye aliyeitazama miguu ya mkaguzi na kufahamu.

"Siyo wewe, bwana!" alisema kwa Kiingereza. "Ni mume wangu!"

"Mume wangu," Mwatima alisahihisha, amesimama tayari. "Zamani wake. Sasa wangu."

"Ni mfupi, bwana," alisema Biasha, yule wa kutazama mapaja. "Anaendesha lori. Anakoroma, Amani nzima inamsikia."

Na wote wakazungumza, kwa hofu, kila mmoja akimwokoa mwenzake, vitenzi vikipinda na kunyooka. Ndugu Nahodha akafungua tena kalamu. Aliuliza Kidawa aliachwa kwa nini. Wakamweleza. Aliuliza kama Usi anajua yanayosemwa hapa. Wakamweleza hilo pia, kwa dakika ishirini.

Barua ilikuja Jumatatu: sita wamefaulu, darasa liendelee. Wawili wa mwanzo kupelekwa uuguzi walikuwa Kidawa na Mwatima, na huko bwenini wamepangiwa chumba kimoja.

Hawakukawia kumjia mwalimu.

"Bi Badriya, tuandikie barua. Mimi na huyu chumba kimoja? Haiwi!"

"Hata mimi sitaki," alisema Mwatima. "Andika na jina langu."

Bi Badriya aliwatazama. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na alikuwa amechoka mno kwa yote mawili.

"Iandikeni wenyewe," alisema. "Kwa Kiingereza. Mkimaliza nitaisahihisha."

Wakakaa benchi moja kwa kuwa kalamu ilikuwa moja, na kabla ya mstari wa pili walikuwa washaanza kubishana.