Shaba Iliyopakwa Rangi

Karakana yetu ya ndoo, kwenye barabara ya kwenda mto Tshopo, ilikuwa na msimamizi Mzungu aliyeamini kwamba kila kipande cha shaba kinapanga kutoroka. Jioni tulipekuliwa langoni mpaka kwenye viatu, wale waliokuwa navyo. Mwishowe akapata dawa: shaba yote ipakwe rangi nyekundu, ili mwizi wake ajulikane. Sisi hatukuaminiwa hata brashi. Alipaka mwenyewe, Jumapili, tukiwa kanisani.

Jumatatu mashine ya kuchomelea ikagoma. Siku zote mikono yake miwili ya shaba ilibana mabati mawili, umeme ukapita kati ya ncha zake, na bati likayeyuka kidogo na kushikana. Sasa ilinguruma tu. Bati lilitoka baridi kama lilivyoingia.

"Wewe iko umeuza kitu ya ndani," msimamizi akamwambia mzee aliyeiendesha, ambaye sote tulimwita papa.

"Chef, nimeuza nini? Makelele iko yote."

Tulicheka, na kucheka kukamponza. Aliambiwa kwamba moto usipopatikana kufikia saa kumi na moja, achukue kitabu chake cha kazi na kuhama nyumba ya kambi, yeye, mke na watoto sita.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Umeme nilijifunza peke yangu, katika kitabu cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mwanzo, hivyo hadi leo sijui ni nani alinifundisha. Niliomba kuitazama mashine. Mngurumo ulionyesha kwamba umeme unafika kwenye transfoma. Ncha papa alikuwa ameshazikwangua rangi, zinang'aa. Nikazigusanisha bila bati: haikutoka hata cheche. Basi njia ilikuwa imezibwa kati ya transfoma na ncha, na hapo hapakuwa na kitu ila mikono na viungo vyake. Nikazima umeme, nikafungua bolti. Ndani ya kiungo, pale shaba inapolalia shaba, palikuwa pekundu: msimamizi alifungua hata viungo ili apake, na rangi haipitishi umeme. Palikuwa pamepakwa mara mbili, kwa uangalifu wa mtu anayepaka sebule yake.

"Ndeko, ndugu yangu, usimuonyeshe," papa akanong'ona. "Atatufukuza wote wawili, na rangi itabaki."

Nikasugua kwa msasa viungo vyote, nikafunga. Kabla ya saa kumi na nusu bati la kwanza likashika.

"Ilikuwa nini?" msimamizi akauliza.

"Unyevu, chef," papa akawahi kujibu. "Unyevu ya muto."

"Nilijua," akasema, akaandika "unyevu" kwenye daftari lake.

Wiki hiyohiyo aliamuru madirisha yote ya upande wa mto yazibwe kwa matofali. Tukabaki tukichomelea ndani ya tanuri. Siku moja, jasho likinichuruzika, nilimwambia papa kwamba unyevu wake utatuua.

"Tulia, ndeko," akasema, akibana bati jingine. "Kwangu kambini iko madirisha mawili. Kuja jioni."