Safu ya Khemaisi

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja haikuwa na jambo. Wasila aliinjika chai, akaitia sukari kupita kiasi kama desturi yake, na Khemaisi akalalamika kama desturi yake. Wakachovya mkate katika mafuta ya zeituni. Kisha Wasila akasimama kizingitini, kiganja juu ya macho, akakitazama kilima kinachoukabili mji wa Thala, kilichojaa mipungate, ile mimea minene ya miiba, toka chini hadi kiunoni.

"Binamu," akasema, maana ndivyo alivyozoea kumwita mumewe, "safu yangu imenenepa kukushinda."

"Kula safu yako basi, Wasila. Mimi niachie mkate."

"Mkate nimekuachia tangu mwaka gani."

Akacheka, akaenda kuwalisha kuku. Kesho yake hakuamka.

Siku ya tatu ya msiba watu walikuja kula kuskusi ya marehemu. Mzee Shedli, aliyekuwa mnyapara wa kilima zamani hizo, akamshika Khemaisi mkono, akasema, "Mungu amrehemu Khemaisi." Waliokuwa karibu wakatazamana, wakadhani uzee umemvuruga. Khemaisi mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu kaburini. Maana ni kweli. Huko kilimani, Khemaisi alikuwa Wasila.

Miaka mingi nyuma, ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Kondoo wameuzwa, mashamba ya ngano yametoa vumbi, na waliokuwa wakitegemea machimbo ya mawe wamerudishwa makwao. Serikali ikafungua kazi ya kilima: kuchimba matuta ya kukinga maji na kupanda mipungate, udongo usihame tena na mifugo ipate cha kutafuna. Ujira wake mdogo, lakini ulileta unga nyumbani. Sharti ni nyumba moja jina moja. Na asiyeitika siku tatu, jina linakatwa, anaingia mwingine. Wa kuingia walikuwa wengi.

Khemaisi aliandikwa. Mwezi wa pili wa kazi jiwe likabingirika likamvunja mguu. Akalala akihesabu: siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu alfajiri akamwona mkewe anajifunga kilemba, jembe begani.

"Unakwenda wapi, Wasila?"

"Kuitika."

Shedli alipoita "Khemaisi bin Amor," sauti ya kike ikajibu, "Yupo." Watu wakageuka. Shedli akalitazama daftari, akalitazama jembe, akakumbuka watoto wanne wa nyumba ile. Akatia alama, akaita jina linalofuata.

Tangu hapo wakamwita Khemaisi. Mwanamume wa Thala hataji jina la mke wa mtu hadharani, kwa hiyo jina la mumewe liliwafaa wote.

"Khemaisi, leo masharubu umeyaacha wapi?"

"Nyumbani. Nimemwachia mwenyewe ayachunge."

Mwezi wa kumi wa mwaka ule lori likaleta mabapa ya mpungate, yale majani yake mapana ya kupandwa, yamekatwa jana yake, bado yanachuruzika. Injinia kijana, viatu vinang'aa, akaamuru yapandwe yote siku ileile na kumwagiwa maji, maana tarehe ya kumaliza ilikuwa imeshaandikwa. Kila mtu kilimani alijua. Bapa ukilipanda na kidonda kibichi, linaoza. Hulazwa kivulini kwanza, mpaka kidonda kifunge ngozi. Bibi zao walifanya hivyo. Lakini nani atamwambia injinia, na majina mengine yanangoja?

Wakapanda, wakamwagia maji. Wasila akayapakia mabapa ya safu yake juu ya punda, akayateremsha nyumbani, akayapanga darini chini ya mkeka.

Jirani yake Henia akachungulia. "Umewalaza kama wagonjwa."

"Ni wagonjwa. Wana vidonda vibichi."

"Na safu yako tupu. Likikatwa jina la mumeo, mtakula mkeka?"

Khemaisi aliyasikia hayo kutoka kitandani. Mkewe alipoingia akamwambia, "Panda kama wenzako. Yakioza, yameoza ya wote."

"Yakioza, kazi itafungwa kwa wote. Watasema kilima hakifai."

"Na wakiona safu tupu, tutafungiwa sisi peke yetu."

"Siku ishirini, binamu. Nipe siku ishirini bila kunikaripia."

Hakumpa. Alimkaripia zote ishirini. Naye kila jioni alipanda darini, akayageuza mabapa moja moja, akashuka akiimba. Asubuhi aliitika "Yupo," akasimama mbele ya safu tupu, na Shedli akapita akiyachunguza mawingu ambayo hayakuwapo. Siku ya ishirini na moja akayapanda, bila tone la maji.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata akaja mkaguzi kutoka mji mkuu. Habari zilimtangulia: akikuta kilima kimekufa, kazi inafungwa, na kila mtu atasimama mwanzo wa safu yake, kadi ya kazi mkononi. Khemaisi akatafuta fimbo. Akapanda akichechemea, jasho likimtoka, ameazimia kusema kosa la safu kuchelewa ni lake kabla mkewe hajaulizwa.

Alichelewa. Mkaguzi alikuwa ameshazipita safu thelathini za mabapa yaliyolala chini kama viatu vikuukuu. Sasa amesimama kwenye moja iliyo wima, kila bapa limetoa masikio mabichi kama ya mwanambuzi.

"Khemaisi bin Amor," akasoma.

"Yupo," akajibu Wasila.

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka. "Mama, kadi hii ya mwanamume."

"Mwanamume yule pale, anakuja kwa miguu mitatu. Mmoja aliuvunjia hapahapa."

Khemaisi akafungua mdomo, lakini hakuna aliyemngoja. Mkaguzi alikuwa ameinama, anachimbua shina kwa kidole. Mizizi ilikuwa myeupe, minene.

"Ulifanyaje?"

Wasila akamweleza: dari, mkeka, siku ishirini.

"Sote tulijua, bwana," Shedli akasema taratibu. "Yeye ndiye aliyethubutu."

Injinia akavitazama viatu vyake. Siku hiyo havikung'aa.

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kazi haifungwi. Itarudiwa, mwaka mzima, na mabapa yatalala kwanza juu ya dari za Thala yote. Mama huyu atawaonyesha wengine.

Khemaisi akaketi juu ya jiwe. Pengine ndilo lilelile lililomvunja, hakujali.

"Sasa," mkaguzi akasema, kalamu mkononi, "hili jina tulikate, tuandike lako. Unaitwa nani?"

Wanaume waliofanya kazi naye miezi saba wakatega masikio. Wasila akamtafuta mumewe kwa macho, akampata, akafuta mikono kwenye nguo yake, akasema:

"Liache hilohilo la mume wangu. Langu nalitumia nyumbani."