Komanda Aliyetaka Kucheza na Binti Yangu

Mume wangu alikuwa mfagiaji wa uwanja wa tenisi pale mtaani Nguba. Vita ilipoingia Bukavu, wenye uwanja walikimbia, sisi tukabaki na ufunguo. Kila asubuhi mume wangu alimurushia binti yetu mipira, kaka yake akiokota, mimi nikikaa mlangoni kuchunga barabara. Binti alikuwa amekomaa tayari, na wakati ule kuwa na msichana mkubwa ilikuwa kuishi ukiogopa askari.

Siku moja jeep ya askari ikasimama. Komanda akanipita kama anapita jiwe. Jina lake ninalo hata leo, siliandiki.

"Nani anacheza vile?"

"Ni mutoto wangu, komanda," mume wangu akasema. "Anajifunza tu."

"Leta raketi ingine. Na wewe, binti, usinihurumie!"

Askari wakacheka, bunduki magotini. Nikamwambia binti kwa Mashi, lugha yetu, upesi: muache ashinde. Akanitazama kama nimemutukana. Kushindwa kwa makusudi baba yake hakumufundisha. Mipira ikamupita komanda kushoto, kuume, na kicheko cha askari kikazimika. Nilishika rozari ndani ya kitenge. Akikasirika, tumekwisha.

Hakukasirika. Hapo ndipo niliogopa kabisa. Alijipangusa jasho, akasema:

"Maman, uko na mutoto wa nguvu. Kesho natuma jeep, atakuja kucheza kwangu."

"Merci, komanda," mume wangu akamushukuru. Angejibu nini?

Walipoondoka, binti akaruka. "Mumeona? Nimemushinda!"

"Vaa kitenge cha mama yako," baba yake akasema. "Unaenda Mudaka, nje ya mji, kwa shangazi."

"Na tenisi yangu, papa?"

"Utacheza ukiwa hai."

Kaka yake akamupeleka kwa miguu, raketi ndani ya mzigo wa sombe, majani ya muhogo.

Kesho yake jeep ikaja. Mume wangu akasema binti ametoroka na mwanaume.

"Ah, muzee! Mutoto amekushinda!" askari wakamucheka.

Mume wangu akainamisha kichwa, akaimeza ile aibu. Jumapili kanisani watu walisogea mbali nasi kwenye benchi, wakinong'ona. Tukaacha waseme. Kule Mudaka binti alipiga mpira kwenye ukuta wa shangazi mpaka askari wale walipoondoka mjini, na ndipo mashindano yakaanza kumupeleka mbali, inchi za watu, akicheza kwa jina la baba yake.