Nusu ya Chumvi ya Obeti

Wapo wasomi, na baadhi yao niliketi nao darasa moja chuoni, wanaoandika kuhusu Arua na Koboko za miaka ya sabini kana kwamba, kwa kuwa mtawala wa kijeshi wa wakati ule alitoka kwetu, eneo zima lilikuwa uwanja wa gwaride. Ukiwaamini, kwetu hapakuwa na mtu aliyesuka mkeka, aliyebishana na shemeji yake, wala aliyekula mkate. Jambo hili linaniudhi kupita kiasi, na nimeamua kuwajibu kwa kuwaeleza habari za mtu mmoja. Anaitwa Obeti, mzaliwa wa Manibe, nje kidogo ya Arua. Mkate aliuoka yeye mwenyewe, na mimi, niliyekuwa mwalimu pale Koboko na jirani wa ua alikouokea, niliula.

Obeti aliondoka Manibe angali kijana, Kongo ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Alitafuta kazi akienda kusini, kila kituo kikimsogeza mbele, hata akafika kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Kwanza alichimba. Baadaye wakampa koleo na kumweka mbele ya tanuri kubwa lililoendesha mashine ya kuwapandisha wachimbaji kutoka shimoni. Joto la pale lilimkausha mtu kama samaki wa moshi, kwa hiyo kila zamu ilianza kwa namna moja: msimamizi alipita akimwaga chumvi katika kiganja cha kila mtia makaa, nao wakailamba kabla ya kushika koleo. Obeti aliilamba chumvi hiyo ujana wake wote.

Mlaji mkubwa wa makaa yale alikuwa reli. Siku reli ilipoanza kununua injini za dizeli, machimbo yalianza kufa. “Treni ilianza kunywa mazuti,” Obeti alipenda kueleza, “na mwenye kukula makaa akakosa.” Mashimo yalifungwa moja baada ya jingine. Mwaka 1974 tanuri lake nalo likazimwa, na aliyekokota kaa la mwisho kulitoa nje alikuwa yeye. Akapanda treni, akapanda meli, akapanda malori yasiyohesabika, akarudi nyumbani na sanduku moja na koleo lake.

“Kaka,” nduguye Enoch alimwuliza pale Manibe, “Kongo yote ile, umeleta koleo?”

“Na mikono ya kuishika,” Obeti akajibu.

Enoch alimpokea kwa furaha, akamkatia sehemu ya shamba la muhogo. Lakini Obeti hakujua kulima. Mistari yake ilipinda, na Driciru, mke wa Enoch, alikuwa akimfuata nyuma kimyakimya, akichomoa vipando na kuvipanda upya. Alipogundua hilo Obeti alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema kwamba afadhali atafute kazi inayomjua. Enoch akamwambia kwamba kule Oraba, mpakani na Sudan, malori hayaishi na wapakiaji wanatakiwa. Ndivyo alivyopanda lori la kwenda Oraba, mgongo wake ukiwa tayari umeanza kumgombeza.

Lori lilisimama Koboko ili dereva aswali. Ulikuwa mwanzo wa mwezi wa Ramadhani. Obeti aliposhuka kunyoosha miguu, aliona moshi mzito wa manjano ukipanda nyuma ya nyumba moja katika mtaa wa Wanubi. Mtu mwingine angeupita. Yeye aliusikiliza moshi ule kama mganga anavyosikiliza kikohozi, akaufuata. Nyuma ya nyumba alimkuta Medina, mjane wa makamo, amepiga magoti mbele ya tanuri la udongo, akipuliza na machozi yakimtiririka.

“Mama, moto yako iko na njaa,” Obeti alisema.

Medina hakugeuka. “Leo kila mtu iko na njaa. Wewe hapana jua hii ni mwezi gani?”

“Hii inataka hewa. Toboa huku chini.”

Hapo ndipo alipogeuka, akalitazama koleo. “Na hiyo ni ya kuzika nani?”

“Ni ya kazi.”

“Basi toboa. Ukibomoa tanuri yangu, utajenga ingine.”

Alitoboa, na moto ukasimama wima. Dereva wa lori alipiga honi, akapiga tena, kisha akaondoka zake. Obeti alisema atamfuata kesho. Usiku ule alipata pa kulala kwa katekista, na kesho yake alirudi kwa Medina.

Yafaa nieleze habari za tanuri lile. Zamani mkate wa Koboko ulitoka Arua kwa lori. Mwaka 1972 wenye kuuoka walifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzao, kwa amri ambayo hadi leo naiona aibu yetu sote, na tangu hapo hatukuona mkate ila kwa bahati. Medina aliamua kwamba mji hauwezi kuishi kwa bahati. Alijenga tanuri kwa mikono yake katika uwanja alioachiwa na marehemu mumewe, akapata unga kwa njia ambazo jirani mwema haziulizi. Shida ilikuwa shemeji yake, Nasur, mdogo wa marehemu aliyeuhesabu uwanja ule kuwa wa ukoo, mfanyabiashara mwenye sauti kubwa ambaye kila alipoona nafasi tupu aliona stoo.

“Shemeji, hii tanuri inakula mahali ya stoo,” Nasur alikuwa amemwambia. “Lakini mimi si mtu mbaya. Tutaona Idi. Kama mtaa yote itakula mkate yako siku ya Idi na kutaka ingine, mimi nanyamaza. Kama hapana, siku ya pili naleta matofali.”

Kwa hiyo tanuri lilikuwa na muda hadi Idi, na Obeti naye vivyo hivyo. Likivunjwa, yangemngoja magunia ya Oraba au muhogo uliopinda wa Manibe. Moto haukuwatatiza tena. Yeye aliuwasha na kuulisha. Medina alimfundisha kukokota makaa yote nje na kupangusa ndani kwa majani mabichi kabla ya mkate kuingia, maana mara ya kwanza Obeti aliyaacha humo, akatoa mikate iliyoungua kama mawe meusi.

Kilichowatatiza ni chumvi. Medina hakukubali kitu kiguse ulimi wake tangu alfajiri hadi jua kuzama, na kinyunga cha unga wa mkate lazima kitiwe chumvi mchana ili kiumuke hadi jioni. Wanawake waliokuwa katika siku zao, wenye ruhusa ya kula, hawakupenda kujitangaza mbele ya majirani. Watoto nao hawakufaa: kwao kila kinyunga kilikuwa kitamu, mradi waonje tena. Medina akamtazama Obeti, aliyekuwa akinywa maji nyuma ya ukuta kwa adabu, asiwatamanishe waliofunga.

“Wewe hapana funga?”

“Mimi ni mukristo, mama.”

“Mungu iko mwema. Ulimi yako imepata kazi.”

Obeti akaonja. “Bado,” akasema. Medina akaongeza. “Bado kidogo.” Akaongeza tena. Hatimaye Obeti akakubali kwa kichwa kwa uhakika wa fundi na kusema, “Sasa iko sawa.”

Jua lilipozama tulikusanyika uani kufuturu. Hawah, jirani ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima kwa sababu nyingine, alitafuna mara mbili, akasita, akanyoosha mkono kutafuta maji, akanywa kibuyu kizima.

“Makala,” alimwita Obeti, maana tayari tulikuwa tumempa jina hilo kwa ajili ya makaa yake, ambayo kwa Kiswahili chake ni makala, “hii mkate mulikanda na maji ao na ziwa ya Katwe?”

Ua mzima, ambao chumvi yake yote ilitoka Katwe, ukaangua kicheko. Nasur, aliyekuja kuangalia, aliurudisha mkate wake kwenye sinia kwa heshima kubwa. “Mimi nasema kitu moja tu,” alisema. “Stoo haina chumvi.”

Obeti hakukasirika. Alitueleza habari za kiganja na msimamizi, jinsi zamu ilivyoanza kila siku. Medina alisikiliza hadi mwisho.

“Kumbe wewe umerudi, lakini ulimi yako ilibaki Zaire,” alisema. “Haya. Kesho tutafanya vingine.”

Kesho yake alimletea kopo la chumvi. Obeti achote kiasi anachopenda, kisha arudishe nusu katika kiganja cha Medina. Iliyobaki ndiyo iingie. Baada ya hapo aonje, na ulimi wake ukinung’unika, ndiyo dalili njema.

“Iko namna gani?”

“Mubaya. Haina kitu.”

“Vizuri sana,” alijibu Medina, na kuendelea kukanda.

Mkate wa siku ile ulimalizika kabla hatujamaliza uji. Tangu hapo kila alasiri ukipita nje ya ukuta uliwasikia: “Iko namna gani?” “Mubaya kabisa.” “Alhamdulillahi.” Watu walikuja kwa futari kutoka mtaa wa pili, na Nasur alikuja kila siku, akisema amepita tu.

Ikafika siku ya mwisho ya mfungo. Kinyunga cha Idi kilijaza mabakuli mawili makubwa ya mbao, mara mbili ya siku zote, na Nasur alikuwa pale langoni akiupima uwanja kwa macho. Alasiri Medina, unga ukimfika viwiko, aliita, “Makala, kuja onja.”

Obeti hakuja. Alisimama na koleo lake, akiangalia chini.

“Leo mimi nafunga,” alisema.

Mikono ya Medina ilisimama ndani ya unga. Hawah alicheka hadi akaketi juu ya kinu.

“Mwezi yote unakunywa maji pale nyuma ya ukuta,” Medina alisema polepole, “na siku ya mkate ya Idi ndiyo unapata dini?”

“Nilisikia haya na aibu, mama. Ninyi wote munakauka, hata watoto wanajaribu, na mimi peke yangu nakula. Nikasema siku ya mwisho nifunge pamoja na ninyi.”

“Haya yako haiwezi kungoja kesho?”

Obeti alisema kwamba hakuna aliyemlazimisha kufunga, basi hakuna atakayemlaumu akifungua, akanyoosha kidole kuelekea kwenye unga. Medina akalivuta bakuli mbali naye.

“Hapana. Asubuhi ulisema na Mungu. Mimi hapana ingia katikati sababu ya unga.”

“Hata mimi,” alisema Nasur kutoka langoni, “hapana taka mtu afungue sababu ya stoo yangu.”

Basi hapakuwa na ulimi, maana sisi wengine sote, hata mimi, tulikuwa tumefunga. Medina akaleta kopo. “Shika ile unapenda.” Obeti akafumba macho, na naamini aliliona lile tanuri la kule kusini likimfungukia, akachota. “Rudisha nusu.” Akarudisha. “Na hii bakuli ya pili. Shika. Rudisha.” Vyote vikaingia ungani, wakakanda, wakafunika kwa mikeka, na hakuna mtu katika ua ule aliyejua wametia nini. Nilimwona Obeti akilisugua koleo lake kwa mchanga, ingawa lilikuwa safi tangu asubuhi.

Sinia la kwanza lilitoka adhana ya magharibi ilipokuwa ikianza. Medina aliumega mkate wa kwanza, mvuke wake ukimpanda usoni, na kipande cha kwanza alimpa Obeti, kwa kuwa alikuwa mgeni wa mfungo. Hakuna aliyegusa hata maji. Obeti alitafuna taratibu sana, macho yakiwa yametua mahali pasipo na kitu.

“Iko namna gani?” Medina aliuliza.

“Iko sawa,” Obeti alisema. “Sawa kabisa.”

Medina aliurudisha mkate siniani. Kwa mwezi mzima neno “sawa” kinywani mwa mtu huyu lilikuwa na maana ya msiba. Hawah alikwisha vuta kibuyu cha maji karibu. “Umesema sawa?” Medina alirudia. “Wewe hapana sema mbaya? Hapana sema haina kitu?”

“Iko sawa, mama. Ni tamu. Mimi mwenyewe nashangaa.”

Nasur ndiye aliyethubutu. Alichukua kipande kidogo, akakitia kinywani kama anayemeza dawa. Akatafuna. Akachukua kingine, kikubwa zaidi, na kingine, kisha akaketi chini kabisa kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ua ule tangu kaka yake afariki.

“Iko sawa kweli,” alisema, kinywa kikiwa kimejaa.

Ndipo mikono yote ikaingia siniani. Siku moja ya njaa ilikuwa imefanya yale ambayo mwezi mzima wa kunung’unika haukuyafanya. Hawah alilitangaza hilo mtaani kabla mwezi haujaandama: ulimi wa Makala umevuka mpaka, umerudi nyumbani.

Asubuhi ya Idi mkate wa mabakuli yote mawili uliisha, na watu waliotoka kuswali walirudi kuuliza kama uko mwingine. Siku ya pili, kama alivyoapa, Nasur alileta matofali. Lori lilipoyamwaga mbele ya tanuri, Medina alitoka ndani akiwa amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa vita.

“Shemeji, mimi ni mtu ya neno yake,” Nasur alisema. “Nilisema siku ya pili naleta matofali. Mimi hapana sema ni ya nini.” Akamgeukia Obeti. “Mvua ya Oktoba inapiga hii tanuri vibaya. Jengea tanuri nyumba. Nafasi ikibaki, tutaongea habari ya stoo.”

“Nafasi haitabaki,” alisema Medina.

Obeti alikuwa tayari ameshika koleo, anachanganya udongo. Kabla ya kuanza alinyoosha kiganja, na Medina, bila kuombwa, akamtilia chumvi kidogo. Akailamba nusu, nusu akamrudishia.