Ngoma ya Kimya Imefika Kanisani

Majuzi nilipeleka redio yangu kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gikondo, anayeuza pia vyombo vya muziki vilivyotumika. Wakaingia wazee watatu wa kanisa. Majirani wamechoshwa na mazoezi ya kwaya, wakaeleza, kwa hiyo wanataka zile ngoma za umeme zisizosumbua mtu.

Fundi akamvalisha wa kwanza hedifoni zilizochomekwa kwenye ngoma. Mzee akapiga, akafumba macho, akatikisa mabega. Wenzake walisikia vijiti vikigonga mpira wa ngoma tu.

"Iko mbovu," akasema wa pili.

Akavalishwa yeye. "Aa! Iko nzuri sana!"

"Mimi sisikii kitu," akanuna wa tatu, mpaka naye akavalishwa.

Waliporidhika wote, yule wa kwanza akanyoosha kidole kwenye spika kubwa kuliko zote.

"Na hiyo, tupatie."

Fundi akashangaa. "Lakini muzee, si mulisema majirani?"

"Ndiyo. Sasa bila spika, watajua namna gani kama tumewanunulia ngoma ya kimya?"

Tangu Jumapili tunajua wote, hata sisi tunaokaa kilima cha ng'ambo. Fundi anasema redio yangu imepona kabisa. Mimi nimeiwasha, bado sijaisikia.