Magunia ya Bibi Kijitoni

Nikinusa muhogo uliolowekwa hapa sokoni Arua, hugeuka nikapita njia nyingine.

Nilipokuwa nikisoma kule Logiri, mwalimu wetu aliacha kutunakilisha ya ubaoni, akatupa tatizo la kweli: mbona maji ya kijito yananuka?

"Tunatafuta jibu tu, hatutafuti mutu," alituahidi.

Tulifuata kijito kwenda juu hadi nikayaona magunia ya muhogo ya bibi yangu, yamezamishwa kwa mawe ili muhogo uchachuke. Nilimwamini mwalimu, nikayachora.

Kesho yake alimpelekea mwenyekiti wa kijiji mchoro wangu. Mwenyekiti akaamuru magunia yapasuliwe, chakula chetu cha mwezi mzima kikamwagika topeni.

"Nani ilionyesha nyinyi?" bibi aliwauliza mwalimu na mwenyekiti.

Mwalimu akanishika bega, akitabasamu. "Ni huyu, mama. Mjukuu yako iko na akili sana."