Nilimpa Mdogo Wangu Kadi Yangu ya Bima, Sasa Faili Linasema Sina Kizazi

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana jina hilohilo ndilo lililonifikisha hapa. Nina miaka 36, nimeolewa, ni mwalimu wa shule ya msingi huko milimani Kilolo, kijiji ambacho mvua ikikolea gari halifiki hadi barabara ikauke. Ninavyoandika niko mjini, Ipogolo, kwa shangazi yangu, na tumbo la wiki thelathini na saba.

Mtoto wangu wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, miaka minane iliyopita. Gari lilikwama kwenye utelezi, tukachelewa, mtoto hakulia. Tangu hapo sikushika mimba nyingine. Nimeitwa kila jina na ndugu wa mume, nimezoea.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nina mdogo wangu wa kike, fundi cherehani palepale kijijini. Tumefanana mno, hata wanafunzi wangu humwamkia "Shikamoo mwalimu" wakipishana naye gulioni. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akitokwa damu wiki mbili kila mwezi, amepauka, akishona anasinzia juu ya cherehani. Zahanati walisema ni uvimbe kwenye kizazi, aende hospitali kubwa akapasuliwe. Kwa hela gani? Mwaka ule viazi viliuzwa kwa bei ambayo hata mbolea haikurudi, na kila kitu dukani kilikuwa kimepanda.

Alikuja kwangu akakaa jikoni, akasema, "Dada, mi nakufa hivihivi najiona. We una kadi."

Nikampa. Sikufikiria mara mbili. Enzi hizo mapokezi waliangalia picha tu, na picha ile hata mama yetu angejiuliza ni nani. Akalazwa kwa jina langu. Manesi wakamwita mwalimu, na mama wa kitanda cha jirani akamwomba amsaidie mwanawe hesabu za sehemu. Tulicheka sana aliponisimulia. Ila uvimbe ulikuwa umeharibu kila kitu, wakamtoa kizazi. Alikuwa na miaka 28, hajazaa. Alirudi mzima, na nikaona nimefanya la maana. Wanasema wema hauozi. Wa kwangu umeoza.

Mwaka huu, nikiwa nimeshakata tamaa, nikashika mimba. Kliniki nimehudhuria palepale zahanati. Nesi alipoona kovu akaniandikia rufaa, akasema, "Mwalimu, usithubutu kusukuma kijijini, kovu likiachia tunakupoteza. Shuka mjini mapema." Nikashuka.

Juzi nikaenda hospitali, ileile alikopasuliwa mdogo wangu. Nikatoa kadi, nikaingia kwa daktari, kijana mpole. Akasoma kompyuta yake, akatazama tumbo langu, akasoma tena.

"Mama, hapa inaonyesha ulitolewa kizazi. Ni wewe huyu?"

Nikamwambia, "Dokta, naomba niende chooni mara moja." Nikachukua kadi yangu mezani, nikatoka hadi getini, nikapanda bodaboda. Sijarudi tena.

Mtasema niseme ukweli. Nikisema, bima watamtafuta aliyetibiwa, na mwajiri wangu ataambiwa. Mshahara wangu ndio unalisha nyumba mbili. Mtasema niende Mbeya. Kadi ni ileile, na bima wanajua walichokilipia. Mtasema nilipe taslimu. Hata nikizipata, za kunifikisha Mbeya hazitatosha, na hapa jina langu likiandikwa linafungua faili lilelile.

Mume wangu hajui lolote. Anapiga simu kila jioni, "Umeonwa? Wanasemaje?" Nami namjibu, "Wanasema mtoto amekaa vizuri." Amemaliza kutengeneza kitanda kidogo cha mbao, amenitumia picha.

Jana mdogo wangu ameshuka kutoka kijijini. Ameuza cherehani yake, ndiyo riziki yake yote. Akaniwekea hela mkononi pamoja na kitambulisho chake, akasema, "Dada, nenda kwa jina langu. Ulinipa lako nikapona, nami nakupa langu." Tukalia wote wawili. Halafu, akijifuta machozi, akauliza taratibu, "Kwa hiyo kwenye karatasi za mtoto, mama nitaandikwa mimi?"

Akaweka mkono tumboni kwangu, mtoto akacheza, naye akatabasamu kwa namna ambayo sijamwona nayo tangu atolewe kizazi. Nampenda mdogo wangu. Ila jana nilimwogopa, na ninajichukia kwa kumwogopa.

Mtoto wangu huyu nimemngoja miaka minane. Nikienda kwa jina langu nitaumbuka na kazi naweza kupoteza. Nikienda kwa jina la mdogo wangu, nitamzaa mwenyewe na karatasi zitasema ni wa mwingine, na kovu likiachia nikafia pale mezani, mume wangu atapigiwa simu kuambiwa shemeji yake amefariki. Nikikaa hapa kwa shangazi, siku zinakwisha, na tangu asubuhi tumbo linakaza na kuachia.

Mliowahi kupita njia hii, mnaojua sheria, hata mnaotaka kunitukana, tukaneni lakini mniambie na la kufanya. Nikifika pale mapokezi wakaniuliza naitwa nani, nijibuje?